Kofte za Kituruki na Vyakula vya Kuandamana Nazo

Muhula huu wanafunzi wawili wamenijia kwa nyakati mbalimbali na swali moja: kwa nini kababu zao hupasuka katika kikaango, na zile zisizopasuka huwa ngumu kama kokoto? Mmoja aliongeza kwa huzuni kwamba nyama ile ilikuwa ya wageni wa mama yake. Niliwajibu kwa maneno machache mlangoni mwa darasa, lakini jibu lake lataka nafasi, na Mhariri amenipa kurasa hizi. Nitalijibu kwa kueleza kofte za Waturuki, maana ni katika nchi hiyo nilipojifunza jibu lenyewe, tena kwa aibu. Wavulana nao wasome. Huko Uturuki wachoma kofte wengi wa mabarazani ni wanaume.

Mwaka 2011 nilikuwa masomoni Bursa, mji mkubwa ulio chini ya mlima Uludağ, kaskazini-magharibi mwa Uturuki. Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane. Nilimwita Teyze, neno lenye maana ya dada wa mama, ambalo vijana wa huko humwita kila mama wa umri ule. Siku moja mwanawe wa mwisho alikuwa akirudi kutoka jeshini, ambako vijana wa kiume wa nchi hiyo hutumikia kwa lazima. Basi lake lilitazamiwa kufika saa mbili usiku. Teyze alinunua kilo moja ya nyama ya kusaga, akaiweka katika jokofu, akatoka kwenda kumchukua dada yake. Mimi nikaona huu ndio wakati wa kumlipa wema wake. Nikachukua nusu ya nyama ile, nikatia mayai mawili, konzi nzuri ya unga, vitunguu vilivyokatwa vipande vikubwa na chumvi kidogo, nikakoroga kwa mwiko, nikafinyanga, nikaweka juu ya wavu wa jiko la mkaa lililokuwa uani.

Haikupita dakika mbili kofte nne zikatumbukia katika makaa. Nyingine zilishika wavu, na nilipozigeuza upande mmoja ukabaki juu ya chuma na mwingine mkononi. Teyze alinikuta nikikwangua. Nyama si rahisi Uturuki, na usiku ule haukuwa usiku wa kuipoteza. Alitazama jiko, akatazama bakuli, akasema, “Mwanangu, hii umeikanda au umeichanganya tu?”

Katika swali lake hilo ndimo lilimo jibu la wanafunzi wangu. Wengi wetu twadhani kwamba nyama ya kusaga hushikwa na yai na unga. Kumbe nyama ina gundi yake yenyewe. Ndani ya nyama zimo protini ambazo chumvi huziyeyusha, na ukiikanda nyama pamoja na chumvi hiyo, protini zile hutoka na kuifanya inate mikononi kama ulimbo. Ikipata moto, protini hizo huganda na kuushika mviringo wote. Mimi nilitia chumvi kidogo na sikukanda, basi gundi haikutoka. Mayai yangu mawili yaliongeza umajimaji tu, maana yai halishiki mpaka liive, na kofte zangu zilianguka kabla ya kuiva. Vile vipande vikubwa vya vitunguu vilikuwa kama nyufa katika ukuta. Sikatai kwamba wapo Waturuki wanaotia yai. Lakini nyama iliyokandwa vema hailihitaji, na yai jingi huifanya kofte iwe ngumu.

Teyze alifunga aproni, akatoa nusu kilo iliyobaki, akanipa kazi ya kukanda huku yeye akisimama nyuma yangu. Vipimo navieleza kama nilivyoviandika usiku ule. Nyama ilikuwa ya ng'ombe iliyochanganywa na ya kondoo kidogo, yenye mafuta kiasi cha sehemu moja katika tano. Jambo la mafuta lisidharauliwe. Ukimwambia mwenye bucha akupe nyama isiyo na mafuta hata chembe ukidhani ndiyo bora, utapata kofte kavu. Mwombe akusagie kidari, au akuchanganyie shahamu kidogo. Kitunguu kimoja cha kadiri kikwaruzwe kwa kile kikwaruzo tunachokwaruzia karoti, kisha kikamuliwe kwa mkono, maji yake yamwagwe. Mkate uliolala, kiasi cha gramu 50 bila gome lake, uvunjwevunjwe uwe chenga. Kazi ya mkate si kuijaza nyama kwa ajili ya ubahili, kama nilivyodhani. Hunyonya maji na mafuta yanayotoka nyama inapoiva, ukayazuia yasipotee motoni. Chumvi kijiko kimoja cha chai, bizari nyembamba iliyosagwa nusu kijiko, pilipili manga nusu kijiko, na majani ya maydanoz yaliyokatwa madogo sana. Majani haya yanafanana na kotimiri yetu ila harufu yake ni ya upole zaidi. Asiyeyapata asiyatafute kwa gharama, aache.

Tena alitia robo kijiko cha chai ya yale magadi meupe tunayotumia kuokea keki. Nilistaajabu. Magadi hupunguza ukali wa asidi katika nyama, na nyama ya namna hiyo huyashika maji yake vizuri zaidi, ikawa laini na yenye kurudi kama sponji unapoiuma. Ukizidisha kidogo tu, kofte zote zitakuwa na ladha ya sabuni, kwa hiyo pima kwa kijiko, usikisie.

Sasa kukanda. Nilikanda dakika tano nikasema basi. Teyze alichukua donge, akalibandika kiganjani, akageuza kiganja chini, donge likaanguka. “Bado,” akasema. Nikaendelea dakika nyingine tano au sita, mpaka donge likang'ang'ania kiganja chake kilichopinduliwa. Jaribio hilo halihitaji chombo chochote, nami nalitumia mpaka leo. Nyama na iwe baridi unapoikanda, maana mafuta yakiyeyuka kwa joto la mikono mchanganyiko huharibika.

Baada ya hapo bakuli lilifunikwa likarudi katika jokofu kwa saa moja. Katika mapumziko hayo chumvi huendelea na kazi yake na mafuta huganda tena. Msiiweke nyama ya kusaga juu ya meza ipumzike, hasa katika joto letu. Asiye na jokofu aache kupumzisha, akande vizuri na kupika papo hapo. Halafu twalilowanisha viganja kwa maji, tukafinyanga vidole vinene vya gramu 30 hivi kila kimoja. Nusu kilo ile ilitoa kofte 21.

Juu ya moto, ugumu wa kofte ni uvumilivu wa mpishi. Wavu upate moto kwanza na kupakwa mafuta. Ukiiweka kofte usiiguse mpaka ijiachilie yenyewe, dakika tatu au nne hivi, ndipo uigeuze. Wala usiikandamize kwa kijiko. Sauti ile ya kuchachatika hupendeza, lakini ni utamu unaodondokea makaa. Wasio na mkaa watumie kikaango kizito chenye mafuta kidogo.

Ziive mpaka ndani. Vijidudu vya ugonjwa hukaa nje ya pande la nyama, ambako moto huvifikia upesi. Lakini mashine ya kusagia huchukua kilichokuwa nje ikakiingiza ndani. Mwenye kipimajoto atazamie nyuzi 71 za Sentigredi katikati ya kofte. Asiye nacho aikate iliyo nene kuliko zote, asione wekundu wala maji ya damu. Msije mkanijibu kwamba Uturuki kuna kofte mbichi, çiğ köfte. Zipo, na zamani zilikandwa kwa nyama mbichi na ngano iliyovunjwa, lakini siku hizi zinazouzwa madukani hazina nyama kabisa, kwa kuwa imekatazwa kuuza zile za nyama mbichi.

Jina lenyewe si geni kwa masikio yetu. Latokana na neno la Kiajemi lenye maana ya kitu kilichopondwa, nalo ndilo hilo hilo lililo katika “kofta” ya pwani yetu. Huko Uturuki karibu kila mji una kofte yake na husema ya jirani haifai. Mashuhuri ni za İnegöl, mji ulio kiasi cha kilomita 45 kutoka Bursa, ambazo chanzo chake hutajwa kuwa Mustafa Efendi, mtu aliyehamia hapo kutoka Bulgaria katika karne ya 19. Hizo hazitiwi viungo vingi. Ni nyama, kitunguu, chumvi na magadi, basi. Zipo za Tekirdağ na za Akçaabat kwenye Bahari Nyeusi. Ipo pia moja yenye wali ndani yake, huchovywa katika yai na kukaangwa, ambayo jina lake sitalitafsiri katika gazeti la shule.

Kofte haiji mezani peke yake. Rafiki yake wa kwanza ni piyazi, yaani saladi ya maharagwe meupe. Maharagwe hulowekwa usiku kucha, maji yale yakamwagwa, kisha hutokoswa kwa maji mapya, kwanza kwa moto mkali dakika kumi au zaidi, halafu polepole hadi yalainike bila kupasuka. Kitunguu hukatwa vipande vyembamba, kikasuguliwa kwa chumvi na kuoshwa ili ukali utoke, kama tufanyavyo katika kachumbari. Changanya na maydanoz, mafuta ya zeituni, siki na yai la kuchemsha lililokatwa. Watu wa Antalya huongeza tahini, yaani ufuta uliosagwa mpaka ukawa rojo. Waturuki hunyunyiza pia sumaki, unga mwekundu mchachu wa matunda ya mti. Hapa kwetu ndimu yatosha.

Wali wao huitwa pilavu, na hapa nilikosea tena. Nilipoonja mara ya kwanza nilidhani Teyze amesahau bizari, iliki, karafuu na mdalasini, maana jina ni lile lile la pilau yetu. Hakusahau. Pilavu ya kawaida haina viungo. Hukaanga konzi ya tambi ndogo katika siagi mpaka ziwe na rangi ya hudhurungi, hutia vikombe viwili vya mchele ulioloweshwa na kuoshwa hadi maji yawe meupe safi, huukaanga kidogo, ndipo hutia vikombe vitatu vya maji ya moto na chumvi. Maji yakikauka, sufuria huepuliwa, hutandikwa kitambaa safi chini ya kifuniko kinyonye mvuke, ikaachwa dakika 15. Punje hutoka kila moja peke yake. Na kando ya kofte yenye bizari nyembamba, wali usio na kitu ndio unaofaa. Nilikiri siku ya tatu.

Pilipili ndefu za kijani zisizo kali na nyanya zilizokatwa nusu huchomwa juu ya makaa yale yale, baada ya kofte. Jajiki ni mtindi uliopigwa pamoja na tango lililokwaruzwa, kitunguu saumu kilichopondwa na chumvi na nanaa kavu. Kinywaji ni airani: mtindi sehemu mbili, maji baridi sehemu moja, chumvi, upigwe mpaka utoe povu.

Basi la yule kijana lilichelewa hadi saa tatu na nusu, jambo lililotusaidia. Yale makombo niliyokwangua kwenye wavu Teyze hakuyatupa. Alikata viazi vitatu vipande virefu, akavikaanga, akavipanga katika sufuria pana, akamimina juu yake makombo yale, nyanya za kusaga, pilipili hoho na maji kidogo, akafunika kwa moto mdogo nusu saa, mpaka kila kitu kikaiva. Huko İzmir wana chakula cha namna hiyo, ila wao hutia kofte nzima. Mwenye kababu zilizopasuka na afanye hivyo.

Kijana alipoingia alimbusu mama yake mkono, akaugusisha kwenye kipaji cha uso wake, akaketi akiwa bado na viatu vya safari mguuni, jambo ambalo nyumbani kwa Teyze halikuruhusiwa siku nyingine yoyote. Alikula kofte saba. Kisha akavuta ile sufuria ya viazi, akaifuta kwa mkate mpaka chini, akauliza ni nani aliyeipika. Teyze alininyoshea kidole mimi, wala hakueleza zaidi.