Majani Kwanza, Pumba Baadaye

Msimu wa karafuu ukiingia, mikono yote huwa mashambani. Mtoto aliyekuwa akikata majani huenda kuchambua karafuu, na mwenye ng'ombe, kwa kuwa ana fedha, hununua gunia la pumba akammwagia ng'ombe wake ndoo nzima, akidhani amemtendea wema. Kesho yake ng'ombe hali, hacheui, na mavi yake ni maji. Basi katika somo hili tutaeleza kipimo cha majani na pumba kwa ng'ombe wetu wadogo wa kienyeji, wale wenye nundu, ambao wengi wetu tunafuga mmoja au wawili kwa maziwa ya nyumbani na samadi ya mikarafuu.

Tumbo la ng'ombe lina vyumba vinne. Katika kile kikubwa mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyochachua majani yakawa chakula. Pumba na nafaka huchacha upesi mno, zikatoa ukali kama wa siki. Majani marefu humfanya ng'ombe acheue, na mate yake huupunguza ukali huo. Pumba zikizidi majani, ukali hushinda, na ng'ombe huweza kufa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 250 huhitaji kwa siku chakula kikavu kiasi cha kilo 6 hivi, yaani bila kuhesabu maji yaliyomo ndani yake. Katika kila sehemu 10 za chakula hicho, majani yasipungue 6. Kwa hiyo ng'ombe wa maziwa akipewa kilo 2 za pumba, apewe pamoja nazo majani mabichi kilo 22, au majani makavu kilo 5. Tofauti hii isikushangaze: majani mabichi sehemu kubwa ni maji, kama karafuu mbichi zinavyopungua uzito zikianikwa. Ng'ombe asiyekamuliwa wala hana mimba kubwa hutosheka na majani mazuri, maji na chumvi.

Mambo ya kufuatwa ni haya:

1. Majani yatangulie, pumba zifuate. Kilo 2 zigawe mara mbili, asubuhi na jioni, wakati wa kukamua.

2. Asiyezoea pumba aanze na nusu kilo, aongezewe kidogo kidogo kwa muda wa wiki 2. Haba na haba hujaza kibaba.

3. Pumba sehemu 3 zichanganywe na mashudu ya nazi sehemu 1, kwani mashudu hujenga mwili na kuongeza maziwa.

4. Pumba za mpunga zishike mkononi kabla ya kununua. Zikichoma kiganja, zimechanganyika na kumvi, na kumvi hazina lishe.

5. Pumba au mashudu yenye kuvu yatupwe. Sumu ya kuvu huingia katika maziwa, na kuyachemsha hakuiondoi.

6. Maji safi yawepo mchana kutwa, khasa kwa anayekula majani makavu.

Kuhusu majani makavu, sisi wakulima wa karafuu hatuna haja ya kufundishwa kuanika. Yakate kabla hayajatoa mbegu, yageuzegeuze juani, yakusanye mvua ikitishia. Yakikauka hata shina likivunjwa linalia, yaweke juu ya uchaga chini ya paa. Mwenye kuweka akiba kabla ya uchumaji hatalazimika kumshibisha ng'ombe kwa gunia.

Ikiwa ng'ombe amekwisha kula pumba nyingi, au amevunja mlango akala nafaka, mwondolee pumba zote, mpe majani makavu, kisha mwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo. Usingoje kesho.

Kazi ya wiki hii kwa kila mwanachama mwenye ng'ombe ni moja. Chukua mizani unayopimia karafuu, upime mzigo wa majani unaoletwa nyumbani kila siku. Kisha pima kilo 1 ya pumba katika kopo, utie alama kopo hilo zinapofikia. Baada ya hapo hata mtoto ataweza kulisha kwa kipimo, nasi tutachuma karafuu zetu roho zikiwa zimetulia.

Katibu