Ukiombwa damu ya utafiti wa saratani ya kurithi, uliza kwanza

Wiki hii tuzungumzie utafiti wa saratani ya kurithi. Wapo wanaokataa kutoa damu wakihofia kutangaziwa maradhi, na wapo wanaokubali wakidhani ni matibabu. Wote wanahitaji maelezo.

Ndani ya seli za mwili mna vinasaba, yaani maelekezo ya urithi tunayoyapata kwa baba na mama. Viwili kati ya hivyo huitwa BRCA1 na BRCA2. Kazi yake ni kusaidia kurekebisha hitilafu ndani ya seli. Mwanamke akizaliwa na kasoro katika kimojawapo, hatari ya saratani ya titi na ya vifuko vya mayai huongezeka sana. Takriban wanawake 7 kati ya 10 wenye kasoro hiyo hupata saratani ya titi kabla ya kutimiza miaka 80. Hivyo wapo wasioipata kabisa. Kubeba kasoro si kuugua.

Baba naye anaweza kuibeba kasoro hiyo na kumrithisha binti yake, hali yeye mwenyewe ni mzima. Kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi. Basi tuache kumsimanga mke kwamba kansa imetoka kwao.

Kwa nini damu za Waafrika zinahitajika? Tafiti nyingi za vinasaba zimefanyika kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mwafrika akipimwa, mara nyingi zaidi hukutwa na mabadiliko ambayo wataalamu hawawezi kusema kama yana madhara. Huko Ibadan, Nigeria, kati ya 1998 na 2014, wanawake 1,136 wenye saratani ya titi na 997 wasiokuwa nayo waliingizwa katika utafiti mmoja. Matokeo yalichapishwa 2018. Asilimia 14.7 ya wagonjwa, yaani karibu mmoja kati ya saba, walikuwa na kasoro za kurithi. Kwa wasio wagonjwa ilikuwa asilimia 1.8 tu. Elimu hii tumeipata kwa sababu wanawake wale walikubali.

Hata hivyo, kabla ya kutia saini au dole gumba, uliza haya:

1. Je, nitapewa majibu yangu? Baadhi ya tafiti hazimpi mtu majibu yake.
2. Kasoro ikionekana, nani atanishauri, na nitachunguzwa wapi?
3. Damu yangu itahifadhiwa wapi na kwa muda gani? Itatumika katika tafiti nyingine?
4. Siri yangu italindwaje?
5. Utafiti una kibali? Kwa Tanzania, ulizia kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu.

Una haki ya kukataa, na ya kujitoa baadaye, bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida. Dada yangu, kushauriana na mume ni jambo jema, lakini ridhaa ni yako, kwa kuwa damu ni yako.

Jambo jingine ni familia. Majibu yako yanawagusa ndugu zako na watoto wako. Fikiria mapema utamweleza nani na kwa maneno gani. Na wewe unayeelezwa, hiyo ni amana. Usiitembeze mitaani wala kuifanya sababu ya kuvunja posa ya binti wa watu.

Mwisho, usisubiri utafiti wowote ukiona uvimbe kwenye titi, chuchu kuingia ndani au kutoa damu. Nenda hospitali sasa. Wagonjwa wengi wa Ibadan hawakukutwa na kasoro hizo za kurithi, na saratani waliipata. Leo jioni waulize wazee wako: nani katika ukoo, kwa baba na kwa mama, aliugua saratani, ya wapi, na akiwa na umri gani? Andika, kisha mpelekee tabibu wako.

Wabillahi tawfiq.