Namna ya Kumtumia Pono Ukiwa Mbali na Bahari

Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha Mugoma, wilayani Ngara, mkoani Kagera, ana kazi ambayo mwenzake wa Bagamoyo hana. Akifika kwenye tashbihi "amelala kama pono", wanafunzi wataikariri, wataiandika kwenye mtihani na watapata alama. Pono mwenyewe wengi wao hawajawahi kumtia machoni. Wanaowajua ni sato, sangara na dagaa wa Ziwa Viktoria, pamoja na kambale. Pono ni wa maji ya chumvi, mkazi wa miamba ya matumbawe na nyasi za bahari, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo.

Basi kabla ya usemi, anza na samaki. Ukishamwelewa mwenyewe, usemi hautakusumbua tena.

Pono ni jina la jamii nzima. Duniani ziko aina zipatazo 100, na kadhaa kati yake huvuliwa pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Mtwara, mara nyingi kwa dema, ule mtego wa kusukwa kwa fito nyembamba unaozamishwa chini ya bahari. Magamba yake ni makubwa. Rangi hutofautiana: wapo wa kahawia yenye madoa, wapo wa kijani na buluu inayong'aa. Alama yake kubwa ni mdomo. Meno yake yameungana yakawa mfano wa mdomo wa kasuku, na kwa mdomo huo hukwangua mwani juu ya mawe mchana kutwa. Wanaokwangua matumbawe humeza na chembe za jiwe, huzisaga kooni, kisha huzitoa zikiwa mchanga. Pono mkubwa wa aina fulani hutoa mamia ya kilo za mchanga kwa mwaka mmoja, na sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe za matumbawe ilipitia tumboni mwa samaki hawa.

Hapa mwalimu wa Mugoma ana kifaa cha kufundishia ambacho huenda hakukitarajia. Anunue kichwa cha sato. Akifungue kooni, nyuma ya matamvua, atakuta kijifupa cha pembetatu kilichojaa vijino vidogo. Hicho ndicho kinu cha sato. Pono naye ana kinu cha namna hiyo hiyo kooni, ila chake ni kizito zaidi, chenye nguvu ya kusaga jiwe. Mwanafunzi akikigusa kwa kidole chake mwenyewe, pono ataacha kuwa neno la kukariri tu.

Sasa usingizi. Usiku ukiingia, pono hujibanza kwenye pango au mwanya wa mwamba akalala kabisa. Mpiga mbizi mwenye tochi anaweza kumsogelea karibu sana asishtuke. Baadhi ya aina hufanya jambo la ajabu zaidi: hutoa ute kutoka kwenye tezi za karibu na matamvua, ute huo ukawafunika mwili mzima, nao hulala ndani yake hadi asubuhi. Mwaka 2011 Alexandra Grutter na wenzake wa Australia walichapisha uchunguzi katika jarida la Biology Letters, ulioonyesha kwamba samaki walioondolewa ute huo walishambuliwa zaidi na vidudu vinyonya damu vya baharini. Kwa mtu wa Kagera, ambako mbu wa malaria anajulikana vizuri, maelezo ni mafupi: pono hulala ndani ya chandarua alichokitengeneza mwenyewe.

Kwa hiyo zingatia jambo hili unapotumia usemi. Pono anasimamia uzito wa usingizi. Kamusi nyingi humtaja kama samaki anayelala sana, na hapo ndipo watu huteleza wakamfanya nembo ya uvivu. Samaki anayeshinda akikwangua mwamba tangu alfajiri hadi magharibi si mvivu hata kidogo. Ukitaka kumsema mtu anayekwepa kazi, maneno yapo: goigoi, mzembe, mtegeaji. Muache pono kwa yule aliyelala hata mvua ya mawe juu ya bati haikumgutusha. "Baada ya kuvuna maharage siku nzima, Kaka alilala usingizi wa pono" ni sentensi nzuri, maana uchovu umetangulia na usingizi ukafuata. "Kijana huyu ni pono, hataki kulima" ni sentensi iliyopotea njia.

Pima pia kina cha usingizi wenyewe. Anayesinzia kwenye basi la kwenda Biharamulo, akifumbua macho kila kituo, yuko katika usingizi wa mang'amung'amu. Kumwita pono ni kumpa asichostahili. Aliyejilaza mchana kidogo amejipumzisha. Fofofo na pono huenda pamoja bila shida: "walilala fofofo kama pono". Kwa pomoni uwe macho, kwa kuwa sauti zinakaribiana ilhali maana ziko mbali; kitu hujaa pomoni, mtu halali pomoni.

Adabu nayo ina sehemu yake. Pono ana utani ndani yake, na utani una wenyewe. Mama anaweza kumsema mwanawe, mtu na rafiki yake, babu na mjukuu. Mkwe hasemwi hivyo. Ukiulizwa habari za baba mkwe aliyelala, sema "Mzee amepumzika". Na mgonjwa aliyepoteza fahamu kamwe usimpambe kwa tashbihi hii, hata kama nia ni kuwafariji ndugu. Wao wanaogopa kwamba hataamka, nawe unawaletea neno la mzaha.

Kwa wanaoandika na kutafsiri, nina ombi. Siku hizi nakutana na "samaki kasuku" katika maelezo ya filamu za wanyama. Jina tunalo, wavuvi wanalitumia kila siku, kwa nini tulitupe? Andika pono, kisha mweleze mdomo wake. Kisarufi mpatanishe kama viumbe wengine: pono huyu, pono hawa, pono wamevuliwa. Katika "usingizi wa pono", ile "wa" ni ya usingizi.

Na ukijaliwa kufika Dar es Salaam, pita soko la samaki la Feri asubuhi umtafute. Mtambue kwa mdomo, kisha tazama macho yawe yameng'aa na matamvua yawe mekundu. Nyama yake ni laini na huharibika upesi, tena tumbo lake limejaa mwani, hivyo mtoe matumbo mapema kabla harufu haijaingia kwenye nyama. Mpake chumvi na ndimu, mkaange, ndipo umtie kwenye mchuzi wa nazi. Ukimchemsha mbichi kwa muda mrefu atamumunyuka sufuriani.