Aibu ya Kupokea Ruzuku ya Ulemavu

Mtu mwenye ulemavu ambaye kaya yake inapokea ruzuku ya TASAF hakosi kupachikwa majina. Huitwa "mtu wa TASAF", huambiwa anakula bure, na siku ya malipo huulizwa mbele za watu fedha hizo atazifanyia nini. Somo hili linahusu majina hayo, kwa kuwa yana madhara. Wapo wanaoacha kujiandikisha kwa kuyaogopa, na wapo wazazi wanaomfungia mtoto chumbani siku wadodosaji wanapopita.

Yafaa kwanza kuuelewa utaratibu wenyewe. Tanzania Bara haina pensheni inayolipwa kwa kila mtu mwenye ulemavu. Kilichopo ni Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ambao kipindi chake cha pili kilizinduliwa Februari 2020. Mkutano wa kijiji au mtaa huzitaja kaya zenye hali duni, kaya hizo hudodoswa, kisha majina hurudishwa mkutanoni yathibitishwe. Kipindi hicho kiliweka pia ruzuku kwa ajili ya kaya yenye mtu mwenye ulemavu, kwa kuwa kumtunza kuna gharama ambazo kaya nyingine haizijui. Mtoto aliyefichwa hahesabiwi.

Kuyasoma majina hadharani kuna sababu njema, kwani huwazuia viongozi kuwapendelea ndugu zao. Hata hivyo, umaskini wa mtu hutangazwa mbele ya majirani, na jina lililosomwa asubuhi hufika kisimani kabla ya jioni. Zanzibar imechagua njia nyingine kwa wazee wake: tangu Aprili 2016 kila mzee aliyetimiza miaka 70 hulipwa Pensheni Jamii, awe tajiri au maskini. Ni vigumu kumcheka jirani kwa fedha ambazo na wewe unazipokea. Njia hiyo huhitaji fedha nyingi zaidi, lakini inaonyesha kwamba aibu hii hutokana kwa sehemu kubwa na namna tunavyowachagua wapokeaji.

Tazama pia mfano wa mfanyakazi aliyekatika mkono kazini. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humlipa, na hakuna anayemwita ombaomba. Watu husema amepata haki yake. Aliyezaliwa bila mkono hakupata nafasi ya kuchangiwa na mwajiri yeyote, lakini mahitaji yake ni yale yale. Kwa nini mmoja aheshimiwe na mwingine asimangwe? Mwandishi wa somo hili hajaona jibu linalosimama.

Wasimangaji wengi hutumia neno "kupe", wakidhani wanafuata mafundisho ya ujamaa. Hapa Mara, alikozaliwa Mwalimu Nyerere, tungepaswa kuyajua mafundisho hayo vizuri zaidi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataza mtu mwenye nguvu kuishi kwa jasho la mwenzake. Lakini liliwataja waziwazi wanaostahili kutegemea wengine: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, watu wenye ulemavu, na wale ambao nchi haijaweza kuwapa kazi. Katiba ya mwaka 1977 nayo, katika Ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumsaidia mtu wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Ni kweli kwamba ibara hiyo imo katika sehemu ya malengo ya taifa, ambayo mahakama haiwezi kuisimamia moja kwa moja. Lakini inatosha kuonyesha kwamba anayepokea hajaomba hisani ya mtu.

Lugha nayo ina mchango wake. Zamani ilikuwa kawaida kusema "kilema", neno lililomweka binadamu katika ngeli moja na kiti na kikapu. Sheria ya mwaka 2010 inasema "watu wenye ulemavu", na kuzoea kusema hivyo hakumgharimu mtu chochote.

Mkazi mwenye mtu wa namna hiyo nyumbani amwone mtendaji wa kijiji au mtaa, au Afisa Ustawi wa Jamii, na aeleze hali ya ulemavu bila kupunguza neno. Kwa anayeweza kufanya biashara kuna pia mikopo isiyo na riba: kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, na katika hizo asilimia 2 ni za watu wenye ulemavu. Maombi huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Tofauti na ruzuku, mkopo hurejeshwa, na ni vema mwombaji alielewe hilo kabla ya kutia sahihi.