Khan el-Khalili: Fuata Mlio wa Nyundo

Maduka ya kwanza utakayoyaona ukitoka Msikiti wa Hussein, mjini Kairo, yapite tu. Yamejaa piramidi ndogo na paka weusi wanaofanana kama mapacha, na bei zake ni za mgeni. Khan el-Khalili ilijengwa mwaka 1382 na Jaharkas al-Khalili, amiri wa enzi za Mamluk, iwe nyumba ya wafanyabiashara wasafiri. Leo uchuuzi umetawala njia kuu, na fundi humwoni mpaka umtafute.

Ingia Barabara ya al-Muizz, utafute Nahhasin, mtaa wa wafua shaba, nyundo zitakuelekeza. Jirani ni Sagha, kwa masonara. Huko dhahabu hupimwa mbele yako, kwa bei ya gramu ya siku hiyo, kisha huongezwa ujira wa fundi. Bishania ujira, kwani bei ya gramu haishuki. Uliza pia kama ni karati 21 au 18, na utazame muhuri.

Mimi ningeutoa muda mrefu zaidi kwa Khayamiyya, kusini mwa lango la Bab Zuweila. Ni mtaa ulioezekwa, na wanaume hukaa humo wakishona kwa mkono vipande vya kitambaa cha rangi juu ya turubai, kazi iliyokuwa ikipamba mahema. Geuza kitambaa nyuma: kilichoshonwa kina nyuzi na mafundo, kilichopigwa chapa ni kitupu.

Karatasi ya mafunjo iinue kwenye mwanga. Ya kweli huonyesha vipande vilivyolazwa wima na mlalo, na hukunjika bila kuvunjika. Ya majani ya mgomba hupasuka.

Ukikaribishwa chai, kunywa, haikufungi kununua. Lakini usitaje bei usiyokuwa tayari kulipa, kwani muuzaji akiikubali, kuondoka ni utovu wa adabu. Jioni ndiyo saa nzuri. Ijumaa mchana mengi hufungwa kwa ajili ya swala, na Jumapili maduka kadhaa hayafunguliwi kabisa.

Akikunong'oneza mtu kwamba ana kinyago kilichotoka kaburini, mwage. Sheria namba 117 ya mwaka 1983 inakataza biashara ya mambo ya kale. Kikiwa bandia umeliwa pesa, na kikiwa halisi utakamatwa uwanja wa ndege.