Kufundisha Pingili za Shingo kwa Mwanzi na Maharagwe

Wanachuo waendao mazoezi ya kufundisha Mbeya na Iringa hutuuliza wafundisheje kiungo ambacho mtoto hawezi kukiona. Katika makala haya tunachukua mfano mgumu: uvimbe unaoota ndani ya pingili za juu za shingo, na jinsi unavyoondolewa kwa upasuaji.

Vifaa. Kata pete 7 za mwanzi, kwa kuwa pingili za shingo ni 7. Zipange, kisha pitisha ndani yake kamba laini ya pamba. Kamba ndiyo ugwe mgongo, uchukuao amri za ubongo hadi mikononi, miguuni na kwenye msuli wa kupumulia. Pete ya kwanza hubeba kichwa. Juu ya pete ya pili kichwa hugeuka kushoto na kulia.

Hatua ya kwanza. Jaza maharagwe makavu kando ya kamba katika pete ya pili, uloweke usiku kucha. Asubuhi wanafunzi waivute kamba: imebanwa. Maharagwe yamevimba, lakini mwanzi haukutanuka.

Hatua ya pili. Mwalimu apasue pete kwa nyuma, atoe haragwe mojamoja bila kuijeruhi kamba. Ndivyo afanyavyo daktari bingwa, akitazama kwa hadubini. Kosa dogo mahali hapo laweza kumnyima mgonjwa nguvu za mikono na miguu, hata pumzi. Pingili zikilegea, huzifunga kwa skrubu na vyuma. Kichwa kitatulia, ingawa hakitageuka kama zamani.

Upasuaji wa namna hiyo huhitaji hospitali kubwa, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Hata hivyo, safari yaweza kuanzia darasani. Mtoto aliyekuwa na mwandiko mzuri sasa kalamu yamponyoka, anajikwaa, shingo yamuuma hata usiku. Tusimwite mvivu, wala tusimchape. Uvimbe huu ni wa nadra, na maradhi mengine huleta dalili hizo. Kazi ya kutambua ni ya daktari. Yetu ni kumwita mzazi, kumsihi asiruhusu shingo ikandwe wala kunyongwa, na kumpeleka mtoto hospitali mapema, kabla kamba haijabanwa mno.