Safari ya Viwanja: Jina la Kiwanja Linatufundisha Nini?



Katika somo la leo tunafanya safari. Si safari ya motokari wala ya mtumbwi, ni safari ya ramani. Tutatembelea viwanja vya michezo, kimoja kiisha kingine, na kila mafasi tutauliza maulizo matatu: Nani alikijenga? Kinaitwa kwa jina la nani? Na ni jambo gani lilitokea ndani yake? Mwenye kupata majibu ya maulizo haya amejifunza historia ya inchi, hata kama hakucheza mupira hata siku moja.

1. DESTURI YA WAMAREKANI

Tuanze mbali, kiisha turudi kwetu. Huko Marekani kuna mchezo unaoitwa besiboli. Ndugu zetu wengi wa Fizi na Baraka, waliovuka ziwa tangu mwaka 1996 na kukaa katika kambi ya Nyarugusu upande wa Kasulu, Tanzania, wamehamia Marekani. Watoto wao wanajua besiboli kuliko sisi. Basi ni vema tuelewe mchezo huu kidogo, ili wakituandikia tusibaki bubu.

Ekipe mbili zinashindana, kila moja na watu 9 kiwanjani. Mmoja anarusha mupira mdogo mgumu, mwingine anaupiga kwa fimbo nene ya mti. Akiupiga vizuri anakimbia. Chini kuna vituo vinne vilivyopangwa mraba, na kutoka kituo hadi kituo ni metre 27 na nusu hivi. Mkimbiaji anazunguka vyote, na kituo cha mwisho ndicho kile alichoanzia. Wenyewe wanakiita nyumbani. Mwenye kurudi nyumbani salama ameleta alama moja.

Kuna ekipe kubwa 30: 29 ziko Marekani, moja iko Toronto, Kanada. Sasa, wakati wa joto na likizo, jamaa nyingi zinapanda motokari na kuzunguka inchi, kiwanja kwa kiwanja. Wengine wanafanya miaka mingi mpaka wamalize vyote 30. Ninyi mutauliza: Mtu atapoteza namna gani mafuta na pesa juu ya kuangalia majani na ukuta? Jibu ni kwamba viwanja vyao havifanani. Kiwanja cha mupira wa miguu kinakaribia kuwa na vipimo vilevile popote. Katika besiboli sheria inapima vituo, lakini ukuta wa nyuma kila mji unaujenga kadiri ya ardhi yake. Kule Boston kiwanja cha Fenway Park kilifunguliwa mwaka 1912. Upande mmoja barabara ilikuwa karibu sana, basi wakasimamisha ukuta ambao leo unapita metre 11 kwenda juu. Kule Chicago kiwanja cha Wrigley Field, cha mwaka 1914, hakikuwa na taa mpaka mwaka 1988. Miaka 74 ekipe ya pale ilipokea wageni mchana tu, sawa na sisi huku tunaopiga mupira mpaka jua linapozama nyuma ya milima.

2. JINA LA KUNUNUA NA NAMBA YA HESHIMA

Hapo Marekani tunaona mambo mawili juu ya majina. La kwanza: jina la kiwanja linaweza kununuliwa. Katika mji wa Houston kiwanja kipya kilifunguliwa mwaka 2000, kikapewa jina la Enron, kampuni tajiri ya gesi na umeme. Mwisho wa mwaka 2001 kampuni hiyo ikafilisika kwa aibu kubwa, kwa sababu hesabu zake zilikuwa za uongo. Mwaka 2002 jina likaondolewa, likawekwa la kampuni ya maji ya machungwa. Tangu mwaka 2025 ni jina la kampuni nyingine tena. Kiwanja ni kilekile.

La pili ni la heshima zaidi. Zaidi ya miaka 50 watu weusi walikatazwa kucheza katika ekipe kubwa za besiboli. Tarehe 15 mwezi wa 4 mwaka 1947, katika kiwanja cha Ebbets Field kule Brooklyn, kijana mweusi Jackie Robinson aliingia na namba 42 mgongoni. Alitukanwa sana, lakini alicheza. Ebbets Field ilibomolewa mwaka 1960, hakuna tena kiwanja pale. Lakini mwaka 1997 wakubwa wa mchezo walikata shauri kwamba ekipe zote ziweke namba 42 pembeni, mchezaji mpya asipewe. Leo msafiri wa viwanja anaiona namba hiyo katika kila mji. Kuta zilianguka, lakini jambo lililotokea ndani yake halikuanguka pamoja nazo.

Mushike mwaka huo wa 1997. Tutaukuta tena, si Marekani, bali hapa kwetu.

3. KUTOKA BARAKA KWENDA KASKAZINI

Sasa turudi. Je, sisi tunaweza kufanya safari ya namna hiyo katika inchi yetu? Kwa motokari ni vigumu. Hakuna barabara nzuri inayotoka hapa mpaka Kinshasa, na vita imeongeza mzigo: mwezi wa 1 mwaka 2025 Goma ilichukuliwa na M23, na mwezi wa 2 Bukavu. Kwa hiyo tunatumia ramani. Ramani haiombwi franga kwenye kizuizi.

Tunatoka Baraka, ziwa likiwa mkono wa kuume, tunapita Nundu na Makobola mpaka Uvira. Tunaingia bonde la Ruzizi: Kiliba, Sange, Luvungi, na halafu Kamanyola. Hapo tusimame kidogo. Kamanyola ni mji mdogo wa mpakani, na motokari nyingi zinapita haraka zikielekea kupanda milima. Lakini mulishike jina hilo pia. Litatungoja Kinshasa.

Bukavu, katika komini ya Kadutu, kuna Stade de la Concorde. Concorde ni maelewano. Ekipe za mji huo nazo zina majina ya lugha yetu: Muungano, na Bukavu Dawa. Goma kuna Stade de l'Unité, ndiyo umoja. Waliochagua majina hayo walitaka kiwanja kiwapatanishe watu. Lakini tarehe 6 mwezi wa 2 mwaka 2025, siku chache tu baada ya vita ya mji, watu wa Goma waliitwa ndani ya kiwanja hicho cha umoja ili wasikilize wakubwa wapya wa M23 na wa AFC. Hapo tunajifunza jambo la kwanza: mwenye nguvu akitaka kusema na watu wengi mara moja, anatafuta kiwanja.

4. LUBUMBASHI: JINA LA EKIPE YENYEWE

Tushuke kusini mpaka Lubumbashi. Katika komini ya Kamalondo kuna kiwanja cha TP Mazembe, kilichofunguliwa mwaka 2011, chenye mafasi ya watu 18,500 hivi. Ekipe hiyo ilianzishwa na mapadri wa Benedikto mwaka 1939, kwa jina la Mtakatifu George. Majina yalibadilika mara kadhaa. Kulikuwa hata wakati ilipoitwa Englebert, jina la magurudumu ya motokari. Lakini vikombe vyake vinajulikana kwa jina lo lote: ilishinda kikombe cha ekipe bingwa za Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Mwisho wa 2010 ilifika fainali ya ekipe za dunia, ikashindwa na Inter ya Milan 3-0. Kiwanja hiki hakina jina la mfalme wala la prezida. Kina jina la wale wanaocheza ndani yake.

5. KINSHASA: KIWANJA KIMOJA, MAJINA MATATU

Tupande ndege ya ramani mpaka Kinshasa. Kiwanja cha kwanza leo kinaitwa Stade Tata Raphaël. Kilifunguliwa mwaka 1952, wakati wa Wabelgiji, na waliita Stade Roi Baudouin, kwa jina la mfalme wao.

Tarehe 4 mwezi wa 1 mwaka 1959, siku ya Mungu, chama cha Abako kilitaka kufanya mkutano kwenye YMCA. Leta ya wakoloni haikutoa ruhusa. Kasa-Vubu aliwaomba watu warudi nyumbani, wao wakakataa. Saa ileile watu maelfu walikuwa wanatoka kiwanjani, V.Club ilikuwa imecheza. Makundi mawili yakakutana barabarani, na mji ukawaka moto. Askari walipiga risasi. Leta ilihesabu wafu karibu 50. Wengi wanasema walikuwa zaidi sana. Kiisha siku 9, tarehe 13, mfalme Baudouin mwenyewe alisema katika redio kwamba Kongo itapelekwa kwenye uhuru. Muone ajabu hii: watu waliotoka katika kiwanja chenye jina la mfalme walisaidia kumlazimisha mfalme aseme neno la uhuru. Mwaka na nusu baadaye, tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960, uhuru ulifika. Na ndiyo sababu mpaka leo tarehe 4 mwezi wa 1 hatuingii masomoni: ni siku ya mashujaa wa uhuru.

Wakati wa Mobutu jina likawa Stade du 20 Mai, juu ya siku ya kuzaliwa kwa chama chake MPR, tarehe 20 mwezi wa 5 mwaka 1967. Humo tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka 1974 Muhammad Ali alimwangusha George Foreman katika raundi ya 8. Walipigana karibu saa 10 ya usiku, si kwa faida ya watu wa Kinshasa, bali ili Wamarekani waone katika televizyo saa yao ya jioni. Kila mpiganaji aliahidiwa dola milioni 5, na Zaïre ndiyo iliyopokea mzigo huo ili jina la inchi na la prezida wake lisikike duniani.

Mwaka 1997 jina likabadilika mara ya pili: Tata Raphaël, yaani padri Raphaël de la Kethulle, Mbelgiji aliyejenga masomo na viwanja vingi vya vijana wa mji ule.

6. KAMANYOLA INARUDI

Kiwanja cha pili cha Kinshasa ni kikubwa kuliko vyote vya inchi, mafasi ya watu 80,000 hivi. Kilijengwa pamoja na Wachina, kikafunguliwa mwaka 1994. Jina lake la kwanza lilikuwa nini? Kamanyola! Ndiyo, mji ule wa bonde la Ruzizi. Mwaka 1964, wakati wa uasi, jeshi la Mobutu lilipigana pale, na baadaye yeye alipenda kuhadithia ushujaa wake wa siku hiyo. Aliita meli yake Kamanyola, na kikosi chake cha askari Kamanyola, na kiwanja pia.

Munajua waasi wa wakati ule walikuwa na nguvu katika milima gani. Ni milima hii ya Fizi. Humo Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama cha PRP mwaka 1967, akakaa miaka mingi. Tarehe 17 mwezi wa 5 mwaka 1997 majeshi yake yaliingia Kinshasa, na mwaka uleule jina la Kamanyola liliondolewa. Likawekwa Stade des Martyrs, kwa kuwakumbuka wanasiasa wanne, Kimba, Anany, Bamba na Mahamba, ambao Mobutu aliwanyonga mbele ya watu mwezi wa 6 mwaka 1966, upande huohuo ambapo kiwanja kimesimama. Zaidi ya miaka 30 majina yao yalinyamazishwa. Leo mtoto anayekwenda kuangalia Léopards anayataja bila kujua: "Naenda ku Martyrs."

Ndiyo somo letu. Jina juu ya mlango linaonyesha nani alikuwa na nguvu siku lilipoandikwa: mfalme, chama, kampuni, mshindi wa vita. Jina linabadilika. Lakini jambo lililotokea ndani halibadiliki. Jackie Robinson aliingia. Watu wa V.Club walitoka. Wanne walinyongwa. Hakuna rangi inayoweza kufuta mambo hayo, ikiwa tu kuna mtu anayeyakumbuka na kuyaandika.

7. KITUO CHA MWISHO: HAPA

Na kiwanja chetu? Kile cha vumbi, chenye mbuzi asubuhi na mupira jioni? Nani alikifyeka? Kabla ya hapo palikuwa shamba la nani? Ni ekipe gani zilikutana pale zamani, na siku gani watu walikusanyika si kwa mchezo bali kwa kukimbia au kwa kungoja chakula? Wazee wanaojua wanapungua. Wengine wako Nyarugusu, wengine ngambo ya bahari. Tusipouliza sasa, watoto wetu watakuta kiwanja bila historia, na mtu ye yote atakuja kuandika juu yake jina analotaka.

MAULIZO

1) Taja majina matatu ya kiwanja cha mwaka 1952 cha Kinshasa, na ueleze kila jina lilitoka wapi.
2) Kwa nini jina la Kamanyola lilipendwa na Mobutu, na kwa nini liliondolewa mwaka 1997?
3) Kuna tofauti gani kati ya jina la Enron kule Houston na namba 42 ya Jackie Robinson?
4) Kazi ya nyumbani: Nenda kwa mzee mmoja, mwanaume au mwanamke, umsalimie kwa adabu na umwulize juu ya kiwanja kilicho karibu na nyumba yako. Andika maneno yake ukurasa mmoja, pamoja na mwaka kama anaukumbuka. Mumpe mwalimu wa historia. Majibu mazuri tutayaandika katika gazeti letu linalokuja.